Mtaro Mmoja Kwa Shungu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Daftari hili nimelinunua leo dukani kwa Mangi wa pale kona, kwa sababu jana nilijikuta naisimulia pasi. Pasi ya umeme. Nilikuwa nanyoosha gauni la kazini huku naieleza kikao cha Ijumaa kilivyokwenda, nani kasema nini na mie nikajibu nini, nikafika mahali nikanyamaza kama ninayesubiri inijibu. Nikaona hapana. Mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mhandisi mwenye cheti na muhuri, nyumba nzima ya kupanga hapa Tabata, halafu naongea na pasi. Bora niandike.

Habari yenyewe ni kazi mpya. Bwana Nikodemu, bosi wangu, kanikabidhi kituo cha data kinachojengwa Chamazi. Kumbukumbu za wagonjwa wa zahanati na hospitali sitini na mbili za kanda hii zitakaa pale: nani dawa gani inamdhuru, nani ana damu ya kundi gani. Mie nichague mikongo miwili, zile nyaya za kioo zinazopitisha data kwa mwanga, ya kukiunganisha na mjini, ya kampuni mbili tofauti, pamoja na ruta mbili za kuiongoza. Sharti ni moja tu, na aliligonga kwa kidole mezani: njia hizo mbili zisikutane popote. Mmoja ukikatika, mwingine ubebe. Mwisho wa kazi ni tarehe 30 Mei.

"Masika yote hayo," nikamwambia.

"Ndiyo maana nimekupa wewe, Apolonia. Huna watoto wa kuwakimbilia nyumbani."

Alidhani ananisifia.

Alhamisi, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Imenyesha saa moja, Tabata nzima imekuwa uji.

Jumamosi, 8 Machi

Bi Tunu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, kaniletea futari: tambi, magimbi ya nazi, kaimati. Kila Ramadhani ananiletea, na kila mara nahangaika kutafuta cha kutia kwenye bakuli maana huku bakuli la jirani halirudishwi tupu. Leo nimetia ndizi mbivu.

"Kaa basi ufuturu na sie," akasema.

"Sijafunga, Bi Tunu."

"Kwani nimekuuliza kama umefunga?"

Nikamwambia nina kazi ya kumalizia. Sikuwa na kazi yoyote. Nilikaa tu kwangu nikawasikiliza wanavyocheka ng'ambo ya ukuta.

Jumatano, 12 Machi

Zabuni saba zimefunguliwa. Tano hazina kichwa wala miguu. Zimebaki mbili: Mkonge na Tausi. Wote wanafika mpaka mlangoni Chamazi, wote wana bei ya kueleweka. Kwenye mchoro, njia zao ziko mbalimbali kabisa, isipokuwa wanakaribiana kidogo kwenye bonde la Kwa Shungu. Mkonge anapita upande wa chini, ubavuni mwa kalavati. Tausi anazunguka upande wa juu, mita mia tatu mbali.

Kwa Shungu napajua. Nimewahi kufanya kazi pale zamani.

Jumatano, 19 Machi

Leo Tausi wamekuja kujieleza ofisini, na aliyekuja ni Marijani. Nilikuwa nimeinamia makaratasi, nikasikia sauti: "Injinia, bado unakunywa maji kwa kujificha?"

Miaka sita sijamwona. Wakati ule mie nilikuwa injinia wa mkandarasi aliyekuwa akichimba mitaro ya mikongo huku Temeke, na Marijani alikuwa nyapara wa vibarua. Ilikuwa Ramadhani, vijana wote wamefunga, wanachimba udongo mzito juani na mvuani, na mie Mhaya peke yangu najifungia kwenye gari nikapige mafunda mawili ya maji kisha nifute mdomo nitoke kama sijafanya kitu. Kumbe aliniona. Siku zote aliniona, hakusema.

Sasa ndiye msimamizi wa njia zote za Tausi upande wa Temeke. Shati la kola, mvi mbili tatu. Mkewe alifariki mwaka juzi. Alinieleza hilo kwenye korido, haraka haraka, akaangalia saa yake.

Ijumaa, 21 Machi

Kapiga simu baada ya kufuturu. Eti anauliza kama nimepata ile nakala ya mchoro. Niliipata juzi mbele yake.

Jumanne, 25 Machi

Kapiga tena. Tumeongea dakika hamsini kuhusu embe. Watu wazima wawili. Yeye anasema embe ni dodo tu, nyingine zote ni matunda ya mbuzi. Nikamwambia hajafika Bukoba. Akasema Wahaya hata embe lao litakuwa na digrii.

Sijaongea na pasi wiki nzima.

Jumatatu, 31 Machi. Idi

Nimekwenda Kunduchi kwa Raudha, dada yake Marijani anayeuza samaki. Nilikataa mara mbili kwenye simu, mara ya tatu nikakubali haraka nisije nikaonekana namringia.

Raudha kanipokea mlangoni, kanitazama juu mpaka chini. "Huyu ndiye injinia? Mbona sie tulidhani mwanamume. Kila siku injinia kasema, injinia kacheka." Marijani akajitia anatafuta viatu vya mtoto.

Nilitaka kukaa sebuleni kama mgeni, Raudha akanitupia khanga, akanipa kisu na sinia la nyanya za kachumbari. Mgeni hapewi kazi. Mie nilipewa, na baadaye nikaambiwa nimekata vipande vikubwa, nikarudia. Nimekula pilau mpaka nikaogopa. Watoto walinivuta mkono kunionyesha nguo zao mpya mmoja baada ya mwingine, na walipomaliza wakaanza upya.

Niseme ukweli, daftari ni langu. Nilifurahi mpaka nikaumia. Nilipofika nyumbani nikaiwasha redio mara moja kabla sijavua viatu, nisiusikie ule ukimya wa mle ndani.

Ijumaa, 4 Aprili

Nimechelewa kuandika hili. Nimekuwa nikilizungukazunguka tangu tarehe 12 mwezi uliopita.

Leo Mkonge na Tausi wameleta hati za kukamilisha kazi, yaani zile karatasi zinazothibitisha kwamba mtaro ulichimbwa kama ulivyochorwa. Kipande cha Kwa Shungu, hati ya Mkonge: tarehe 3 Juni 2019, sahihi ya Apolonia Rweyemamu. Hati ya Tausi: tarehe hiyo hiyo, sahihi hiyo hiyo. Kampuni zote mbili zilimpa kazi mkandarasi mmoja, na mkandarasi alinipa mie.

Nilijua nitazikuta. Ila kujua na kuona ni mambo mawili.

Siku ile ilikuwa hivi. Zimebaki siku mbili kabla ya Idi. Mtaro wa chini, ule wa Mkonge, umekamilika. Ule wa juu, wa Tausi, kila tukichimba unajaa maji, kingo zinadondoka, jana yake nusura umfukie kijana mmoja. Vijana karibu wote ni wa Rufiji, wanataka kuwahi kwao. Waliegemea sururu zao wakanitazama, midomo imekauka, na mie tumboni nina maji niliyokunywa dakika tano kabla. Niliona haya. Nikamwambia Marijani walaze bomba la mkongo wa Tausi ndani ya mtaro huo huo wa Mkonge kwa kipande kile tu, wafukie, waende kwao. Baada ya Idi watarudi wachimbe wa juu na kulihamisha. Nikasaini hati zote mbili palepale juu ya boneti, maana bila saini ya injinia kibarua haruhusiwi kuondoka eneo la kazi.

Idi pili nikapigiwa simu kutoka Bukoba kwamba mama kaanguka. Nilikwenda nikamuuguza miezi minne mpaka akafariki. Niliporudi mkataba wangu ulikuwa umekwisha, na Kwa Shungu sikuuliza tena.

Jioni hii nimemuuliza. Simu ilipoingia sikungoja salamu ziishe. "Marijani, Kwa Shungu mlirudi kuchimba?"

Kimya kidogo. "Tulirudi," akasema.

Nikamuuliza Raudha hajambo.

Jumanne, 8 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimeshinda na ruta. Nimechagua mbili za aina moja, za bei ya kati, ambazo vipuri vyake vinapatikana hapa hapa Kariakoo. Kuna aina nyingine ina sifa kubwa kuliko hizo, lakini ikiharibika unasubiri kifaa miezi miwili.

Ijumaa, 11 Aprili

Nimewasilisha pendekezo langu: Mkonge na Tausi. Ukurasa wa tatu nimeandika kwa mkono wangu, "Njia hizi hazikutani popote." Bwana Nikodemu kafurahi. Mkataba utasainiwa tarehe 9 Mei. Kabla ya hapo tutafanya majaribio na zahanati chache.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Marijani kaleta samaki changu wawili, eti kasikia sie Wakatoliki leo hatuli nyama. Kawaleta mwenyewe kutoka Kunduchi mpaka Tabata, kwenye ndoo, na mvua yote ile. Hakuingia ndani. Alisimama barazani akamsalimia Bi Tunu kwa heshima zote, shikamoo na kuuliza hali ya miguu, kisha akaondoka.

Bi Tunu kasubiri alipokata kona. "Kijana wa watu ana adabu," akasema. "Usimchezee."

"Ni mambo ya kazi tu, Bi Tunu."

"Ndiyo, nimeiona kazi kwenye ndoo."

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka

Kanisani, kisha nyumbani. Simu moja kutoka kwake. Ilitosha.

Alhamisi, 24 Aprili

Siku ya kwanza ya majaribio. Nilikuwa zahanati moja ya Mbagala, nimekaa nyuma ya Sista Naima, muuguzi ambaye hakutaka kabisa kujifunza kompyuta na sasa anaipenda kuliko sie. Mbele yake mama mjamzito ana homa. Sista anatafuta faili aone dawa gani inamdhuru. Skrini ikasimama.

Nikamwambia asubiri sekunde tano, ruta inahamia mkongo wa pili. Zikapita tano. Zikapita thelathini. Dakika tatu. Yule mama kafumba macho, kashika tumbo.

"Sasa nimpe nini, Injinia?" Sista Naima akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alikuwa anataka kujua.

Dakika kumi na moja baadaye mawasiliano yakarudi. Kumbe ile dawa aliyotaka kumpa ndiyo hiyo hiyo iliyomvimbisha mwaka jana. Sista akaifuta kwenye karatasi, akaandika nyingine, akasema "Haya mama, twende," kama vile hakuna kilichotokea.

Rekodi za ruta zinaonyesha Mkonge na Tausi wamekatika sekunde moja. Ni ruta. Lazima ni ruta.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimebadilisha ruta zote mbili, nimefunga mpya za aina hiyo hiyo.

Jumatatu, 28 Aprili

Imekatika tena, saa nne asubuhi, dakika sita. Yote miwili, sekunde moja. Nimefunga ile aina nyingine yenye sifa, ya kuazima. Saa tisa alasiri yote miwili tena, sekunde moja.

Ruta hazina kosa. Nimezitukana bure.

Marijani kapiga. Sikupokea. Kapiga tena, nikapokea, nikasema nina kichwa. Akasema pole, ninywe maji mengi. Nikacheka, nikaona haya kwamba nimecheka.

Jumatano, 30 Aprili

Nimekwenda Kwa Shungu.

Nimevaa mabuti ya mvua, nimeacha gari barabarani nikashuka kwa miguu. Watu wa pale walikuwa wanazibua mtaro wa maji machafu pembeni ya kalavati, wanaume sita na majembe, na mama mmoja anayeuza chapati kaweka meza yake juu ya kituta anawasimamia kwa maneno. Maji yamekula ukingo. Na pale ukingo ulipoliwa nikayaona, mabomba mawili ya plastiki, moja la bluu la Mkonge, moja la chungwa la Tausi, yamelala pamoja kama watoto kitanda kimoja. Katikati yao kuna tofali.

"Hayo mabomba yanatusumbua kweli," mmoja wa wale wanaume akaniambia. "Tunayasogeza tukipitisha jembe, kisha tunayarudisha."

"Mmeyasogeza Jumatatu?"

"Jumatatu mara mbili. Na Alhamisi iliyopita."

Wakiyakunja, mwanga ndani ya mikongo unakufa. Wakiyaachia, unarudi. Ndiyo siri yote hiyo.

Nikamuuliza yule mama wa chapati kama kuna mtaro mwingine, upande wa juu kule kwenye migomba. Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Akasema yuko pale tangu 2017, mtaro uliochimbwa ni huu mmoja tu, na waliochimba walikuwa vijana wa Rufiji pamoja na dada mmoja mrefu. "Anakunywaga maji kwenye gari," akaongeza. "Sie tulikuwa tunamcheka."

Nikanunua chapati mbili. Nikapanda kilima nikakaa garini mpaka vioo vikajaa ukungu. Kumbe wote waliniona.

Alhamisi, 1 Mei

Sikukuu ya wafanyakazi. Nimelala.

Jumamosi, 3 Mei

Nimekutana na Marijani mgahawani Rangi Tatu, saa nne asubuhi. Kaagiza chai na supu, mie chai.

"Nimekwenda Kwa Shungu," nikamwambia.

Akaweka kijiko chini. Hakuuliza kufanya nini. "Umeyaona."

"Mabomba mawili na tofali."

"Tofali nililiweka mie. Ulisema yasigusane."

Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nilisema hivyo. Nilitaka nimkasirikie, nilikuja na hasira yangu imepangwa vizuri, ikaisha palepale kwenye tofali.

Akaeleza. Baada ya Idi vijana walirudi, lakini bonde lilikuwa ziwa. Wiki ya pili mkandarasi akawahamishia Kibaha. Marijani alikwenda ofisini kukumbusha, akaonyeshwa hati: kazi imekamilika, injinia kasaini, nyapara anataka nini tena. Akanyamaza. Mwaka uliofuata Tausi wakamwajiri kwa sababu anazijua njia zote za Temeke kwa miguu yake.

"Uliniambia mlirudi."

"Nilikwambia."

"Kwa nini?"

Akasogeza bakuli la supu pembeni. "Injinia, nisikilize. Mvua inaisha mwezi huu. Julai udongo umekauka, nachimba mtaro wa juu na watu wangu, nahamisha bomba, wiki mbili kazi imekwisha. Hakuna atakayejua. Ukiandika sasa, watauliza injinia nani, watauliza nyapara nani. Watatula wote wawili."

"Na kabla ya Julai?"

"Miezi miwili tu."

Hakunitisha wala hakuninyenyekea. Alisema kama mtu anayekadiria kazi, na hesabu yake ilikuwa sawa. Hilo ndilo lililonitesa. Angekuwa mbaya ningeinuka nikaondoka.

Nikamwambia habari za mama mjamzito wa Mbagala. Akasikiliza mpaka mwisho, supu ikapoa. Akasema, "Fanya unavyoona." Kisha akalipa akatoka, na kwa mara ya kwanza hakuniambia atapiga jioni.

Jumapili, 4 Mei

Hakupiga.

Jumatatu, 5 Mei

Hakupiga. Nimeanza kuandika barua kwa bosi, nimechana. Miezi miwili ni nini? Watu wamekaa miaka sita. Na mie nina nini kingine? Najiuliza wazi humu kwa sababu hakuna anayesoma: nina nini kingine, zaidi ya simu moja jioni?

Jumanne, 6 Mei

Mvua kubwa. Kila inapoongeza nguvu juu ya bati naona tofali lile.

Jumatano, 7 Mei

Nimemwambia Bwana Nikodemu. Sikumpa barua, nilifunga mlango, nikamwekea zile hati mbili mezani, nikasema kwa mdomo.

"Hii saini ni yako?"

"Yangu."

"Na mwezi uliopita ukaniandikia njia hazikutani popote?"

"Nimeandika mie."

"Ulikuwa unajua?"

"Sikutaka kujua."

Akavua miwani. Bwana Nikodemu ni mtu wa kelele, ningependa anipigie kelele. Akauliza polepole, "Keshokutwa nilikuwa nasaini. Ungenyamaza ningejuaje?"

"Usingejua."

"Nenda nyumbani, Apolonia," akasema. "Na uiandike yote, kuanzia siku ya kwanza."

Nimeiandika yote. Kuhusu aliyelaza mabomba nimeandika, "Kwa maagizo yangu." Ndivyo ilivyokuwa, lakini najua haitamsaidia.

Jumanne, 13 Mei

Maamuzi yametoka. Mkonge anabaki. Tausi katolewa mpaka achimbe mtaro wake. Njia ya pili kwa sasa itapita hewani, mnara kwa mnara kutokea Kisarawe. Ni ghali na mvua ikiwa kali inapunguza nguvu, lakini haipiti Kwa Shungu. Mradi kapewa Fredrick, kijana wa meza ya pili. Ruta zangu za bei ya kati kaziacha, kasema ni chaguo zuri. Mie nina barua ya onyo, na suala langu linakwenda kwenye bodi ya wahandisi. Kwa sasa nakaa stoo, naandika namba za vifaa vinavyoingia.

Stoo hakuna dirisha. Hata mvua siisikii.

Jumanne, 20 Mei

Nimesikia kwa Fredrick kwamba Tausi wamemvua Marijani usimamizi. Mwisho wa mwezi wanampeleka Lindi, mitaroni, nyapara tena. Na mvi zake zile.

Nimempigia. Haikupokelewa. Nimempigia jioni. Haikupokelewa.

Alhamisi, 22 Mei

Bi Tunu kauliza yule kaka wa ndoo mbona haji siku hizi. Nikasema ana kazi. Akanitazama, akaingia ndani akaniletea bakuli la mihogo, na wala si Ramadhani.

Jumatano, 28 Mei

Jua siku ya sita. Masika yamekwisha. Fredrick alipita Kwa Shungu jana. Kalavati limesimama, ukingo umeshikilia, mabomba yako palepale na tofali lake. Tangu wale watu wamalize kuzibua mtaro wao hayajasogezwa hata mara moja. Aliyasema hayo wakati wa chai, mbele ya watu, bila nia mbaya. Mtu mmoja akasema, "Kumbe yangevumilia." Nikakoroga chai yangu.

Kituo kinafunguliwa keshokutwa. Sijaalikwa.

Jumamosi, 31 Mei

Saa tano asubuhi nilikuwa uani nafua, simu ikalia. Marijani.

Yuko stendi, anasubiri basi la Lindi. Nikasikia wapiga debe nyuma yake. Nikamwambia pole. Akasema nisimpe pole, mitaro ndiyo kazi anayoijua, na Lindi kuna samaki. Nikamwambia nilijaribu kumpigia. Akasema aliziona.

Nilidhani amekata.

"Siku ile uliniuliza kama tulirudi," akasema, "na ukaniuliza tena pale Rangi Tatu kwa nini nilikudanganya. Nilikujibu mambo ya Julai."

"Nakumbuka."

"Hayo ya Julai niliyafikiria baadaye. Siku ile ningesema hatukurudi, ungekata simu ukaanze kuandika. Mie sikutaka ukate. Hakuna lingine."

Povu lilikuwa linanidondoka mkononi mpaka kwenye kiwiko. Nikamwambia ukweli wangu, maana nimeshazoea kusema ukweli ukiwa umechelewa. Nikamwambia nilijua. Alivyonyamaza kidogo kabla ya kujibu nilijua palepale kwamba hawakurudi, na nikamuuliza Raudha hajambo. "Hata mie sikutaka kukata," nikasema.

Wapiga debe wakaita Lindi, Lindi, twende. Nikasikia anapumua, kisha mtu akamwambia mzee panda, kisha simu ikakatika.

Niliendelea kuishikilia sikioni. Bi Tunu akaita kutoka ng'ambo ya ukuta, "Unaongea na nani, mwanangu?"

"Hakuna mtu, Bi Tunu," nikamjibu.